Shampeni ya Mzee Anaeli

Watu waliokuja kwenye hoteli ile ya upande wa Engutoto walikuwa na sababu zao. Wengine walifuata bwawa la kuogelea. Wengine waliutazama Mlima Meru kwa mbali, wakaupiga picha, wakarudi kwao kusema wameupanda. Na wachache, wenye adabu zao, walimfuata Elinipa. Hao hawakuhangaika na orodha ya vinywaji. Walikaa kaunta, wakanyanyua kidole, naye akajua wanataka nini: kokteli ya shampeni, ile ya zamani, isiyo na mbwembwe. Aliitengeneza taratibu kama mtu anayemvalisha bibi harusi, na mteja alipopiga funda la kwanza alifumba macho kidogo kabla ya kusema asante.

Jambo ambalo wateja hao hawakulijua, na pengine wangelijua wangeagiza bia, ni kwamba Elinipa hakuwahi kuonja hata tone la alichokichanganya. Alichanganya kwa macho, kwa pua na kwa sikio. Alijua kwa mlio kama glasi imepoa vya kutosha. Ila ladha yenyewe aliisikia tu midomoni mwa watu, kama anayesimuliwa habari za nchi asiyowahi kufika.

Hakuwa akijidai mtakatifu. Alikuwa ametoa ahadi kwa mama yake, na mama yake alikuwa marehemu, na ahadi ya namna hiyo huna wa kumwendea akakufungulia.

Kwao ni Akheri, kwenye migomba na kahawa. Mama yake, Tabea, alikuwa mtu wa uamsho, mwimbaji wa kwaya, mwanamke aliyeweza kunusa pombe kwenye koti la mtu tangu getini. Baba yake, Mzee Anaeli Sumari, alikuwa Mlutheri vilevile, alitoa sadaka yake na kuimba sauti ya nne hadi viti vikatetemeka. Lakini Jumapili jioni alikaa nyuma ya nyumba na kata yake ya mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, na hakuona kwa nini Mungu agombane na ndizi. Wale wawili waliishi hivyo miaka yote, kila mmoja akimwombea mwenzake, na hakuna siku nyumba ilikosa chakula wala kicheko.

Siku Elinipa alipoondoka kwenda kuanza kazi hotelini, baba yake alimsimamisha mlangoni akiwa na blauzi nyeupe mpya. Akajaza kata, akaonja, kisha akapiga funda kubwa na kumpulizia kifuani, puuu, kama wazee walivyofanya tangu zamani mtoto akitoka kwenda kutafuta maisha. "Nenda ukawe mtu," alimwambia. "Utakaowahudumia wakuone kwa jicho jema." Blauzi ikalowa yote. Elinipa alicheka, baba yake akacheka, na majirani waliokuwa wakichungulia wakapiga vigelegele.

Mama yake hakupiga kigelegele. Alimvuta ndani, akamvua ile blauzi, akamtafutia nyingine, na alipomaliza kumfunga vifungo akamshika kidevu.

"Baba yako amekubariki kwa njia yake, na mimi sina ugomvi nayo," alisema. "Ila uniahidi. Utaiuza pombe, utaimimina, utaiosha kwenye glasi. Usiinywe."

"Sitainywa, mama."

"Hata wakikulazimisha?"

"Hata wakinilazimisha."

Ndivyo alivyoondoka nyumbani, na baraka ya baba kifuani na ahadi ya mama mdomoni. Kwa miaka mingi havikugombana.

Tabea alipofariki, Elinipa alilia hadi sauti ikakauka. Na kabla mwaka haujazunguka, Mzee Anaeli akamleta nyumbani Kandida, mjane wa Nduruma, Mkatoliki, mwanamke mpole asiye na maneno. Tusimlaumu mzee haraka. Mwanaume wa umri wake ambaye hajawahi kupika hata uji hujikuta anakula ndizi mbichi na kuongea na mbwa. Lakini mtoto wa kike anayemlilia mama yake haoni hayo. Anaona kitenge cha mama yake hakipo kwenye kamba, na pale penye kitenge pameanikwa cha mwingine.

Ukoo ulipokusanyika kusimika msalaba kaburini kwa Tabea, Kandida ndiye aliyepika mbege. Mzee Anaeli alisimama mbele ya watu wote, akachota kata, akaionja, akamnyooshea binti yake. Kila aliyekuwepo alijua maana yake. Kule mlimani anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako. Zamani ilikuwa kukuhakikishia kwamba hakuna sumu. Siku hizi nani anamwekea nani sumu? Imebaki kukwambia: moyo wangu kwako ni mweupe, sina kitu nilichokuficha. Na waliokosana hupatanishwa hivyo hivyo, kwa kata iliyoonjwa.

Elinipa aliitazama ile kata. Akarudi hatua moja, akaficha mikono nyuma.

"Pombe ya mwanamke huyu siigusi," alisema. "Udongo wa mama yangu haujakauka."

Watu waliinamisha vichwa. Mzee Anaeli alibaki mkono hewani, kisha akainywa ile kata yeye mwenyewe, yote, bila kupumua, ili aibu isibaki imening'inia pale. Kandida aliingia jikoni na hakutoka tena siku ile. Tangu hapo baba na binti hawakusemezana. Haki ilikuwa pande zote mbili, na ugomvi wa aina hiyo ndio mgumu kuliko yote, maana kila mmoja anangoja aombwe radhi.

Ikapita miaka mitatu hivi. Halafu alasiri moja ya baridi, mlima umejifunika mawingu hadi kiunoni, Mzee Anaeli akaingia pale hotelini.

Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, kofia ameishika mkononi. Alikuwa amekonda. Mgongoni mwa kiganja palikuwa na plasta ndogo, ile wanayobandika hospitali wakikuchoma sindano. Elinipa aliiona. Angeuliza, lakini macho ya baba yake yalikuwa yakizunguka kwenye chupa, kwenye vioo, kwenye taa, kama mtoto aliyepelekwa mjini mara ya kwanza, na swali likamponyoka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hujambo, mama?"

Mama. Alikuwa akimwita hivyo tangu akiwa anatambaa.

"Sijambo. Karibu, baba. Nyumbani wazima?"

"Wazima. Nilikuwa na shughuli zangu hapa mjini, nikasema nipite nione mwanangu anafanya kazi gani."

Alipanda kwenye kile kiti kirefu kwa shida, miguu ikabaki inaning'inia. Akaweka kofia kwenye paja. Kisha akasema lile neno ambalo Elinipa angekuja kulirudia kichwani mpaka limchoshe.

"Nipe kinywaji, lakini kwa mkono wako. Kile unachowapa watu unaowaheshimu."

Angeweza kumpa bia. Mzee angeifurahia bia, na kisa hiki kisingekuwepo. Lakini Elinipa hakutaka kumpa baba yake kitu cha kufungua na kumimina tu. Miaka mitatu ya ukimya haiombewi radhi kwa bia. Aliamua kumtengenezea kile kitu kimoja duniani alichojua kukifanya kuliko mtu yeyote katika mji wa Arusha.

Alitoa glasi nyembamba iliyokuwa ikipoa kwenye friji. Akachukua kipande cha sukari, kile cha pembe nne, akakiweka juu ya kitambaa. Akafungua kale kachupa kadogo kenye karatasi ya jina iliyozidi kimo chake, kale ambako wahudumu wote pale hukaita machungu, kwa sababu ndivyo yalivyo, akadondoshea matone juu ya sukari hadi ikageuka rangi ya kutu.

Mzee Anaeli alisogeza shingo. "Hicho kichupa ni cha nini?"

"Ni machungu, baba. Ya kukoleza tu."

"Ahaa."

Sukari ikaingia kwenye glasi. Brandi ikafuata, kidogo, ya kuilowesha. Kisha shampeni. Aliifungua kwa namna aliyofundishwa, akizungusha chupa na si kizibo, ili isipige kelele za walevi bali ishushe pumzi tu. Akainamisha glasi na kumimina taratibu. Chini kabisa ile sukari ikaanza kuchemka, ikatoa uzi mwembamba wa mapovu uliopanda bila kukatika. Akachuna utepe wa ganda la limau, akausokota juu ya glasi hadi mafuta yake yakaruka, akaupitisha ukingoni na kuudumbukiza. Akatandika kitambaa cheupe mbele ya baba yake, akaiweka glasi katikati.

Halafu akafanya kama alivyofanya kwa kila mgeni mheshimiwa. Yoeli, mkuu wa kaunta, alimfundisha hivyo tangu wiki ya kwanza, na alikuwa hana mchezo: ukishaweka glasi, rudi hatua moja, mikono nyuma, usimsimamie mteja mdomoni. Na kuonja glasi ya mteja ni mwiko kuliko kuivunja. Mwenzake mmoja alionja, kwa mrija, kidogo tu, kesho yake akawa anatafuta kazi. Elinipa alirudi hatua moja. Akaweka mikono nyuma. Alikuwa amejaa furaha.

Mzee Anaeli aliitazama glasi. Akamtazama yeye. Akangoja.

"Kunywa, baba. Mapovu yatakwisha."

"Na wewe?"

Elinipa alidhani anakaribishwa. Alitabasamu. "Mimi siruhusiwi, baba."

"Hata leo?"

"Hata leo."

Mzee alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa, kama mtu anayeelezwa bei ya kitu asichoweza kukinunua. Aligusa mguu wa glasi kwa kidole kimoja. Alikaa pale akiyatazama mapovu yakipanda, yakipungua, hadi ule uzi ukakatika na kinywaji kikatulia. Kisha akajishusha kwenye kiti, akavaa kofia.

"Nimeiona kazi yako, mama," alisema. "Ni nzuri."

Akaondoka. Glasi ilikuwa imejaa vilevile.

Elinipa aliimwaga kwenye sinki. Mwanzoni hakuelewa, halafu akaelewa vibaya, na hilo ni baya zaidi. Alijiambia kwamba baba yake alikuja kumwonyesha tu. Kwa Kandida anakunywa, kwangu anaona kinyaa. Amekuja na koti lake la kanisani anidharau kwenye kaunta yangu, mbele ya wageni. Alikwenda chooni, akalia, akanawa uso, akarudi kazini. Kwa wiki nyingi baada ya hapo hakupiga simu, hata ya kuuliza ile plasta ilikuwa ya nini.

Aliyepiga ni mdogo wake, Calvin, anayeishi nyumbani na kulima.

"Dada, njoo," alisema. "Baba hamezi."

"Hamezi nini?"

"Hamezi chochote. Njoo."

Alifika Akheri siku hiyohiyo. Mzee alikuwa amelala chumba cha mbele, na kitandani palikuwa na mifupa na macho. Ulikuwa ugonjwa wa koo, ule unaoziba njia ya chakula kidogo kidogo. Watu wa huku wanaujua, umewala wengi. Kandida alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akimlowesha midomo kwa pamba. Alipomwona Elinipa alinyanyuka, akampisha kiti, akaenda zake nje.

Baba yake alikuwa usingizini. Elinipa alikaa, akamshika mkono, na alipoona machozi yanamzidi akatoka kwenda jikoni. Huko alimkuta shangazi yake, Rachel, dada wa Mzee Anaeli, akimenya ndizi kwa hasira kana kwamba zimemkosea.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja. Nilidhani tutakuita kuzika."

"Shangazi, sikujua anaumwa. Hakuna aliyeniambia."

"Yeye mwenyewe alikuja kukwambia." Shangazi Rachel hakuinua macho. "Siku aliyopewa majibu hospitali, alitoka moja kwa moja akaja kwako. Walimwambia koo linafunga. Akasema, kabla halijafunga, nikanywe kitu mkononi kwa mwanangu, tuyamalize. Mtu mzima, Elinipa, baba yako, aliyekosewa mbele ya ukoo mzima, akakufuata yeye. Ukamfanya nini?"

"Nilimtengenezea kinywaji kizuri kuliko vyote. Hakukigusa! Alikiacha mpaka mapovu yakaisha, akaondoka!"

"Ulikionja?"

Elinipa aliinama kuokota ganda la ndizi.

"Nakuuliza, ulikionja?" Shangazi aliweka kisu chini. "Ngoja nikwambie alivyoniambia, maana alikaa hapohapo uliposimama. Alisema, Rachel, mwanangu alitoa kichupa kidogo, akatia matone meusi. Kikachemka bila moto. Akaniwekea mbele, akarudi nyuma hatua moja, akaficha mikono, vilevile kama siku ya msalaba. Nikamwuliza, na wewe? Akasema haruhusiwi. Nikamwuliza, hata leo? Akasema hata leo. Mimi nikamwambia, kaka, usiseme ulidhani ni sumu. Akasema hapana, si sumu. Lakini bado ana kinyongo, na mtoto akiwa na kinyongo siwezi kukinywa kinywaji chake kwa nguvu."

Elinipa alikaa chini kwenye majani ya migomba. Aliiona ile kaunta upya, kwa macho ya baba yake, kila kitendo kimoja kimoja. Heshima yote aliyofundishwa na Yoeli, ukiibeba na kuipeleka Akheri, inageuka tusi.

"Sinywi pombe, shangazi," alisema kwa sauti ndogo. "Nilimwahidi mama. Ndiyo iliyonizuia siku ile ya msalaba, na hotelini pia."

"Nani alikwambia unywe? Unagusisha midomo, unapitisha! Mama yako mwenyewe alifanya hivyo. Miaka yote ya ndoa yake, kila akimpelekea baba yako kata, alikuwa akigusisha midomo anampa. Hukuwa ukiona?"

Alikuwa akiona. Ndilo lililomuumiza. Alimwona mama yake kila Jumapili jioni, kitambaa cha kanisani bado kichwani, akitoka jikoni na kata, akiinamisha uso juu yake kidogo, midomo imefumbwa, kisha akimkabidhi mumewe kwa mikono miwili. Alidhani anapuliza wadudu. Aliinamisha kichwa juu ya magoti akalia kwa sauti, na shangazi yake, hasira zikiwa zimemwishia, akamsogelea akamkumbatia na mikono yake yenye utomvu wa ndizi.

Kesho yake asubuhi alirudi mjini, akamweleza Yoeli. Yoeli alisikiliza, akakuna kichwa. Alifungua kabati lake mwenyewe, akamfungia kwenye mfuko chupa ndogo ya shampeni, brandi kiasi, kile kichupa cha machungu na vipande vya sukari. Akamwongezea na glasi, ameiviringisha kwenye taulo. Mchana Elinipa alikuwa tena Akheri, mfuko ameukumbatia kifuani barabara nzima.

Mzee Anaeli alikuwa macho. Walikuwa wamemwegemeza kwenye mito. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa, lakini alimfuata kwa macho tangu mlangoni. Calvin alisimama miguuni pa kitanda, shangazi alikaa kwenye kiti, Kandida alikuwa dirishani, tayari kutoka kama alivyozoea Elinipa akiingia.

"Usitoke," Elinipa alimwambia. Kisha, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa zito, akalisema haraka. "Mama, usitoke. Naomba kata. Ile ya baba. Na limau, kama lipo."

Kandida alimtazama. Akatoka, akarudi na limau bichi kutoka kwenye mti wake wa nyuma, na kata ileile, imesuguliwa ikang'aa. Glasi ya Yoeli ilibaki ndani ya taulo.

Elinipa alivuta kigoda karibu, kila kitu akakiweka pale baba yake alipoweza kuona.

"Baba, hii ni sukari," alisema. "Na hiki ni kile kichupa." Alidondosha tone kwenye kiganja chake mwenyewe, akalilamba mbele yake. Lilikuwa chungu hadi uso ukamkunjamana, na pembe ya mdomo wa mzee ikacheza kidogo. "Hii ni brandi. Hii ndiyo shampeni, wanaitoa mbali. Inachemka kwa sababu ya sukari, baba, haina kitu kingine."

Ndani ya kata mapovu hayakuonekana kama uzi. Yalinguruma tu na kutoa povu jeupe, kama mbege inayokomaa. Alisokota ganda la limau juu yake. Chumba kikanukia.

Angeweza kugusisha midomo tu. Shangazi alikuwa amemwambia, na mama yake ndivyo alivyofanya. Lakini safari hii hakutaka deni lolote libaki kati yake na baba yake, hata la funda moja. Nisamehe, mama, alisema moyoni. Akainua kata, akanywa, akameza. Ilimwasha, ikawa tamu, halafu yale machungu yakaja nyuma polepole na kukaa. Kumbe ndivyo kilivyo. Miaka yote ile aliyowapa watu, kumbe kilikuwa hivi.

Akaipeleka kata kwa mikono miwili hadi midomoni kwa baba yake.

Mzee Anaeli alifungua kinywa. Aliingiza kiasi, akakishika mdomoni, mashavu yakajaa. Alimtazama Elinipa muda mrefu. Kisha kifua kikamwinuka na kile kinywaji kikatoka chote kwa mpigo mmoja, kikamlowesha Elinipa shingoni na kifuani.

"Nilijua!" Calvin aliruka na taulo. "Dada, nilikwambia hawezi kumeza, unamtesa bure!" Akaanza kumfuta.

Elinipa alimshika mkono. "Usifute."

Aliuinamia uso wa baba yake akiyangoja yale maneno. Maana baraka ina maneno yake. Mzee akishapuliza, husema. Midomo ya Mzee Anaeli ilitikisika, lakini pumzi ndiyo iliyotoka, kavu, isiyo na sauti. Akafumba macho. Alikuwa amechoka, akalala palepale, na kwa siku chache alizobakiza hayakufumbuka tena akamtambua mtu.

Shangazi Rachel alitazama sakafu. Hata yeye, mwenye jibu la kila kitu, hakuthubutu kusema ilikuwa nini.

Aliyesema ni Kandida, kutoka dirishani, kwa ile sauti yake ya chini ambayo Elinipa hakuwahi kukaa kuisikiliza.

"Huwa hakitoki hivyo," alisema. "Mimi ndiye ninayemnywesha kila siku. Kikikataa, kinamtiririka kidevuni, nakipangusa. Hana nguvu ya kutema. Leo amepuliza."

Elinipa aligeuka kumtazama. Alitafuta usoni mwake kama ni kweli au ni huruma, na hakuona kitu ila mwanamke aliyechoka, aliyekesha, na macho mekundu. Katika dunia nzima hapakuwa na mtu mwingine wa kumwuliza. Kama baba yake alikuwa amemsamehe, shahidi alikuwa mmoja, na shahidi mwenyewe ndiye yule ambaye Elinipa alimkataa mbele ya watu.

Kinywaji kilikuwa kikimtiririka tumboni, baridi. Kata ilikuwa bado na kitu ndani. Elinipa aliiinua, akaonja, akasimama, akavuka chumba na kumpa Kandida kwa mikono miwili.